Yadi Kumi na Sita

“Vuta kidogo,” Gona alisema. “Kidogo tu. Hapo hapo. Sasa usisogee.”

Abdia alikuwa amechuchumaa kwenye mguu wa nguzo ya goli, ncha ya kamba ameikandamiza ardhini kwa viganja vyote viwili. Upande wa pili wa kamba, yadi kumi na sita kutoka kwake, Gona alitembea kinyumenyume na birika mkononi, akimwaga chokaa nyembamba juu ya udongo mweusi, akichora nusu duara mbele ya goli. Alitembea kama mtu aliyebeba uji wa moto. Kila hatua tatu alisimama, akatazama kama kamba bado imenyooka, kisha akaendelea.

“Kamba imelegea,” alisema.

“Haijalegea. Ni mikono yangu. Nimekaa hivi tangu saa nane, Gona. Ungekuwa wewe ungelia.”

“Golikipa hachoki.”

“Golikipa ana magoti kama watu wengine.”

Gona alicheka. Abdia aliinamisha uso ili asionekane akitabasamu. Kicheko hicho alikuwa amekizoea mno, na siku hizi kila alipokisikia alihisi furaha kwanza, halafu hofu.

Uwanja wa chuo chao, nje kidogo ya Garsen, ulikuwa umelala chini ya maji tangu mvua za El Nino za mwishoni mwa mwaka uliopita. Maji yalipoondoka, mistari yote ilikuwa imefutika, na nguzo za magoli zilichukuliwa na mto zisionekane tena. Zile mpya Gona alikuwa amezipanda juma lile lile, na bado zilicheza. Ukiifunga kamba kwenye nguzo, nguzo inakuja na kamba. Ndiyo maana ilibidi mtu ashike.

Kwa sababu ya uwanja huo, timu yao ya wasichana ya mpira wa magongo ilicheza msimu mzima ugenini. Ligi ya vyuo vya Pwani ilikuwa na vyuo sita, na wao walikwenda kwa wenzao mara mbili mbili, wakilala kwenye mabweni ya watu na kula ugali wa watu. Walishinda michezo sita, wakatoka sare miwili, wakapoteza mmoja. Sasa ulibaki mchezo wa mwisho, Jumamosi, dhidi ya wasichana wa Kilifi, na huo ungechezwa hapa nyumbani. Sare tu ingewatosha kuchukua kombe.

Gona hakuwa mwalimu. Alikuwa fundi seremala wa chuo, Mgiriama wa Chara, mtu wa miaka ishirini na sita, aliyejifunza kazi yake kwa kuvunja viti vibovu na kuviunga tena. Magongo ya timu aliyatengeneza yeye. Pedi za miguu za Abdia alizishona yeye, kwa turubai na sponji ya godoro kuukuu. Asubuhi ile alikwenda kwa Madam Christine, kocha wao, kuomba mtu wa kumsaidia kuchora mistari, akasema afadhali apewe golikipa kwa kuwa ndiye anayelijua goli.

Madam Christine alimtazama juu ya miwani. “Nina wasichana kumi na sita, Gona,” alisema. “Haya. Mchukue golikipa.”

“Nikuulize jambo?” Gona alisema sasa, macho yake kwenye chokaa.

“Uliza.”

“Yale mabao matatu ya Voi.”

Abdia aliikaza kamba. Katika michezo minane mingine alikuwa amefungwa mabao manne tu. Voi, alasiri moja, matatu, na la tatu lilimpita katikati ya miguu akiwa amesimama kama gogo.

“Jua lilikuwa machoni,” alisema.

“Mwenzako Kanze ameniambia kulikuwa na mawingu.”

“Kanze anasema sana.”

“Abdia, mimi sikuchunguzi. Nimekuona wiki tatu hizi. Unacheka na wenzako, lakini ukibaki peke yako unakuwa kama mtu anayehesabu kitu na hesabu haitoki.”

Alikuwa anatafuta jibu la kumpa pale mtu alipotokea upande wa barabara, akakata uwanja moja kwa moja, fimbo imelala mabegani na mikono imening’inia juu yake. Alipita kwenye chokaa mbichi bila kuiona.

“Bwana! Mstari!” Gona alipiga kelele.

“Mstari gani?” mgeni aliuliza, akajitazama miguuni. Nyayo za kandambili zake za tairi zilikuwa zimeacha alama nyeupe nyuma yake.

“Ni kaka yangu,” Abdia alisema kwa sauti ndogo. “Ni Hiribae.”

Wawili hao walisalimiana kwa Kiorma, na salamu za nyumbani kwao hazikatizwi. Hiribae aliulizwa juu ya mama, akaulizwa juu ya ng’ombe, ndama, malisho na maji, akajibu kimoja kimoja. Gona alingoja akiwa ameshika kamba. Hakuijua lugha ile, lakini aliona mabega ya Abdia yakipanda polepole, kama mtu anayesubiri kupigwa.

“Keshokutwa,” Hiribae alisema hatimaye, “baada ya adhuhuri, wazee wa kina Abdikarim wanakuja kukaa nyumbani. Wanakuja kupanga siku ya ndoa.”

“Mama amesema nini?”

“Mama hasemi. Anasukasuka maziwa tangu asubuhi mpaka jioni na hasemi.”

Jambo lenyewe lilitokea hivi. Kwao, watu wanapokuja kuomba binti huleta buni katika kibuyu kidogo kilichofungwa ukanda wa ngozi. Mama wa nyumba hukipokea na kukitundika. Hakisemi kitu kikiwa kimetundikwa. Wenye binti wakikataa, kinarudishwa kama kilivyokuja, na hakuna aliyetukanwa. Wakikubali, buni inakaangwa kwa samli, wageni wanatafuna, wanaomba dua, na neno limekwisha.

Abdia alikuwa shule za bweni tangu darasa la nne. Mambo haya aliyajua kama mtu anavyojua njia ya kijiji alichopita akiwa amelala. Wiki tatu zilizopita, siku mbili kabla ya safari ya Voi, alikwenda nyumbani upande wa Kipao, akafika alasiri na kumkosa mama yake, Batula, aliyekuwa amekwenda kuwatazama ndama. Mara wakaja wazee watatu. Aliwatandikia ngozi, akawapa maji ya kunawa, akatafuta cha kuwapa watafune, na pale ukutani aliona kibuyu cha buni. Ukanda wake ulikuwa na fundo asilolizoea. Lakini wageni walikuwa wamekaa, na msichana aliyelelewa vizuri hawaachi wageni mikono mitupu. Alilifungua fundo kwa meno. Aliikaanga buni ile mpaka ikapasuka na kunukia, akawapelekea kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa.

Wazee walitazamana. Kisha wakatafuna, na dua waliyoomba ilikuwa ndefu hata yeye akashangaa.

Mama aliporudi wageni walikwisha kwenda. Aliuona ukanda sakafuni, akakaa chini palepale.

“Nilipojua ni kibuyu gani, nilidhani mama alikitundika ili akubali,” Abdia alimwambia kaka yake sasa. “Nilidhani nimeharakisha tu jambo ambalo lingekuja.”

Hiribae aliitoa fimbo mabegani. “Kilitundikwa miezi miwili, Abdia. Unadhani mama anahitaji miezi miwili kumjua Abdikarim? Tumecheza naye. Ni mtu mzuri, sina neno baya juu yake. Mama alikitundika ili siku zipite, umalize chuo. Kila walipouliza, alisema ng’ombe wana ugonjwa, au kuna mtoto ana homa. Alikuwa anakulinda.”

Abdia alifunika mdomo. Kamba ilimtoka mkononi na mstari wa Gona ukakatika.

“Kuna nini?” Gona aliuliza kutoka mbali. “Abdia, kuna msiba?”

“Hakuna msiba.”

“Nimesikia buni. Nimesikia Abdikarim mara tatu. Abdikarim ni nani?”

Hiribae alimtazama mtu yule mwenye birika, kisha akamtazama dada yake, na kitu kikamkalia sawa kichwani. Alihamia Kiswahili, ambacho yeye alikitumia sokoni tu. “Wewe ndiyo fundi ya kutengeneza viatu ya goli?”

“Pedi. Ndiyo mimi. Gona Mramba. Habari za ng’ombe, ndugu yangu?”

“Ng’ombe salama.” Hiribae alipendezwa kidogo na kuulizwa hivyo, lakini hakuonyesha. “Kazi hii yenu bado kubwa?”

“Nusu ya goli hili, halafu lile la upande wa pili. Chokaa ikishachanganywa haingoji.”

“Lete kamba. Abdia mikono yake inacheza. Mimi nashika dume ya ng’ombe, nitashindwa na kamba?”

Hivyo Hiribae akachuchumaa kwenye nguzo, na Abdia akalichukua birika la pili akaenda upande wa Gona. Ilimbidi amweleze wakitembea, kwa sauti ya chini, huku chokaa ikimwagika katikati yao. Alieleza yote, tangu fundo mpaka dua. Gona alisikiliza bila kumkatiza, kama alivyosikiliza kila kitu.

“Kwa hiyo ni kahawa tu,” alisema mwishoni. “Uliwapa wageni kahawa.”

“Si kahawa tu. Kwetu si kahawa tu.”

“Lakini hukujua!”

“Mkono wangu ndio uliokaanga. Mama hawezi kusema, kwa sababu yeye ndiye aliyeachiwa kibuyu. Kaka hawezi, hakuwepo. Anayeweza kusimama mbele ya wazee wale na kusema sikujua ni mimi peke yangu, na wakishapanga siku hakuna wa kunisikiliza.”

“Jumamosi.”

“Jumamosi baada ya adhuhuri. Barabara ya Kipao bado imekatika. Ni mtumbwi, halafu miguu, siku nzima. Lazima nitoke kesho alfajiri.”

“Na Kilifi?”

“Usiniulize Kilifi, Gona. Nimekaa na hilo swali wiki tatu.”

Gona alisimama. Chokaa iliendelea kumwagika mahali pamoja, ikafanya dimbwi dogo jeupe, naye hakuiona. “Wiki tatu,” alisema. “Kila jioni umekuja karakana. Umekaa kwenye benchi langu, nimekukazia pedi, umeniambia habari za Madam na za chakula cha bweni. Ungeweza kunambia siku ile ile.”

“Nikuambie kama nani?”

“Vipi kama nani?”

“Ndiyo, kama nani?” Sauti yake ilipanda na hakuizuia. “Nilirudi kutoka nyumbani nikiwa nimejiozesha kwa mkono wangu mwenyewe. Nikaja karakana usiku wa kuamkia Voi, unakumbuka? Nikakaa. Nikakuangalia. Nikasema moyoni, akisema neno moja tu, nitamwambia. Ukaniambia ukanda wa pedi ya kushoto umechakaa.”

“Ulikuwa umechakaa.”

“Gona!”

“Mstari imeyumba!” Hiribae alipiga kelele kutoka kwenye nguzo. “Nyinyi nachora ama nagombana? Hata ndama hapiti njia kama hiyo!”

Walijaribu kuendelea. Hatua tatu, wakasimama.

“Umenichongea gongo,” Abdia alisema. “Umenishonea pedi. Mvua iliponyesha ulinitandikia mbao kutoka bwenini mpaka darasani, na wasichana wote walipita juu yake wakijua ni zangu. Nashukuru. Lakini maneno hujanipa hata moja. Nikisimama mbele ya wale wazee na kusema simtaki Abdikarim, wataniuliza, unamtaka nani? Niwaambie nini? Kuna fundi ananitengenezea vitu?”

Gona aliweka birika chini. Alijipangusa mikono kwenye suruali, mmoja kisha mwingine, kama afanyavyo kabla ya kupima ubao wa thamani.

“Nilikuwa nangoja,” alisema.

“Unangoja nini?”

“Nijue kwanza. Wewe ni Mwislamu, mimi nimebatizwa. Nyumbani kwenu wana ng’ombe, kwetu kuna muhogo na mahindi, na ng’ombe wenu wakiingia kwenye muhogo wetu unajua kinachofuata. Mama yangu nilimgusia Krismasi. Alisema, mwanangu, utanyweshwa maziwa mpaka usahau jina lako. Halafu akalia. Sikuona njia. Nilitaka nije kwako nikiwa na njia, nikuonyeshe tunapita hapa, halafu hapa. Sikutaka kukupa maneno yasiyo na mguu.”

“Na sasa unayo njia?”

“Hapana,” Gona alisema. “Lakini nimechoka kungoja kuipata.” Akainua sauti, si kwa hasira, bali kama mtu aliyeamua kwamba jambo hili lisisemwe tena kwa kunong’ona. “Nakupenda, Abdia. Nataka nikuoe. Njia siijui.”

Maneno yalivuka uwanja. Mbele ya jiko la chuo mpishi aliacha kupepeta mchele.

Hiribae alisimama wima, kamba bado mkononi. “Mimi nasikia,” alisema. “Mimi si kiziwi.”

Hakuna aliyecheka.

Alikuja akitembea juu ya kamba yenyewe, akiikusanya mkononi mpaka akawafikia. Kwa karibu alionekana kijana kuliko sauti yake. “Fundi. Wewe umenitia shida. Mama akiuliza mimi, Abdia nakataa kwa sababu gani, mimi nitasema nini? Mimi kwa mama siwezi danganya.”

“Nitakuja nanyi,” Gona alisema. “Kesho. Nitawaeleza wazee mwenyewe, kwa heshima.”

“Wewe?” Hiribae alimtazama juu mpaka chini, bila dharau, kwa huruma karibu. “Wewe ukifika pale, ile buni itakuwa imeiva kabisa. Watasema, alaa, kumbe msichana alijua. Kumbe iko mwanamume nyuma yake. Mama yetu hatainua uso tena.”

Abdia aliona jinsi jambo lile lilivyomwingia Gona. Lilimwingia polepole, kwa uzito wake wote, na hakulikataa. Alimpenda zaidi kwa hilo, na kwa hilo hilo moyo ukamuuma.

“Haji,” Abdia alisema. “Na jina lake halitatajwa.”

Wote wawili walimgeukia.

“Kaka, kibuyu kipo nyumbani?”

“Kipo. Mama ameficha.”

“Leo kabla ya magharibi tutapita sokoni tutafute buni, nzuri, isiyo na makapi. Nitakijaza mwenyewe. Jumamosi nitawapelekea wale wazee kwa mikono miwili kama nilivyowapelekea ile ya kwanza, nitawaambia ukweli. Niliona wageni, nikawakirimu, sikujua. Kosa ni langu, si la mama. Na wakiniuliza namtaka nani, nitasema sijaulizwa hilo. Sitaki kukataa mtu mwema nikiwa nimejificha nyuma ya mwingine.”

“Watakasirika,” Hiribae alisema kwa Kiorma.

“Najua.”

“Wengine hawatasema na mama mwaka mzima.”

“Najua, Hiribae. Nitakaa naye. Siku mbili, siku kumi, mpaka waseme.”

Gona alielewa sauti bila kuelewa maneno. “Utarudi?” aliuliza.

Abdia alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa fupi, na uso wa Gona ulikuwa pale, umepakwa chokaa kidogo kwenye shavu, umelegea kwa kulingoja. Lakini alikuwa amekwisha kumlaumu mtu huyu kwa kukaa kimya, na hakutaka sasa kumpa neno ambalo hakulijua.

“Nataka kurudi,” alisema. “Hilo ndilo ninaloweza kusema leo. Ulichonambia nimekisikia. Jibu lake nitakupa nikiwa nimesimama hapa, si nikiwa nakwenda kule.”

“Nitangoja.”

“Usinitengenezee kitu, Gona. Tafadhali. Ningoje tu.”

Alinyoosha mkono kuelekea shavu la Gona, akakumbuka kaka yake, akaugeuza mkono ule ukaokota birika. Lilikuwa zito. Chokaa ilikuwa imeanza kuganda ndani, akaliweka tena chini.

“Madam bado hajui,” alisema. “Wasichana wamesafiri msimu mzima kwa ajili ya siku moja, na mimi ndiye ninayewaondolea. Wacha niende nikamwambie kabla sijaogopa.”

Alivuka uwanja kuelekea nyumba za walimu. Hakugeuka, kwa sababu alijua akigeuka atakaa. Nyuma yake alimsikia Hiribae.

“Fundi. Na goli ya upande ule?”

“Kesho,” Gona alisema. “Leo mwanga unakwisha. Hata chokaa imeganda.”

“Kesho mimi sipo.”

“Najua.”

Kwenye baraza ya Madam Christine ndipo Abdia alipotazama nyuma. Upande wa karibu wa uwanja mistari ilikuwa imekamilika, isipokuwa pale walipogombana, ambapo iliyumba. Upande wa mbali ardhi ilikuwa nyeusi tupu, na nguzo mbili zimesimama bila kitu mbele yake. Kaka yake na Gona walikuwa wanatembea kuelekea karakana, mmoja na kamba, mmoja na debe la chokaa, hawasemi, lakini hawajaachana hatua.

Mlango ulifunguliwa. Madam Christine alikuwa na orodha ya timu mkononi, kalamu sikioni.

“Golikipa wangu! Mmemaliza?”

“Bado, Madam,” Abdia alisema. “Na Jumamosi golikipa si mimi.”